Vita Vyangu na Sindano za Kuhara

Jumatatu, 6 Mei 1996
Nimerudi Khwisero kutoka semina ya Kakamega. Siku tatu nzima! Utafiti umethibitisha: mtoto anayehara huokolewa na maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, si sindano. Nimebandika tangazo kwenye mlango wa zahanati: SINDANO ZA KUHARA MARUFUKU. Nesi Navalayo akasema yeye amekuwa akiwapa ORS tangu mwaka juzi. Hakwenda semina, yeye.

Jumanne, 7 Mei
Wagonjwa wanne tu! Wengine wamekimbilia kwa Osundwa wa duka la dawa, anayemdunga kila aingiaye. Mama mmoja alidai serikali imenituma nimnyime dawa. Nikamsomea kijitabu cha semina. Akasinzia ukurasa wa pili. Navalayo akashauri niketi nao, niwaonyeshe. Kuketi! Mimi, Protus, mkuu wa zahanati!

Jumatano, 8 Mei
Sikutulia kitandani. Nimepata! Watu hawaheshimu dawa isiyo na rangi. Nimetia rangi nyekundu ya keki kwenye ndoo ya ORS. Saa nne mtoto wa mama mmoja, Jael, akatapika. Nyekundu! Jael akapiga mayowe kwamba nimempasua mwanawe tumbo, akambeba mbio hadi kwa Osundwa. Benchi zima likamfuata.

Alhamisi, 9 Mei
Hakuna mtu. Nimezunguka chumba mara arobaini. Navalayo ameosha ndoo hadi wekundu ukaisha. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 10 Mei
Jael amerudi. Mtoto amedungwa mara mbili, bado anahara, macho yamezama. Nikapekua kijitabu, kikaanguka. Navalayo akachukua kikombe na kijiko, akaketi sakafuni.
“Sista, anatapikanga kila kitu,” Jael akalia.
“Akitapika tunangoja kidogo, tunaanza tena. Kijiko kimoja kimoja. Shika wewe, mama.”
Walikaa hapo kwa muda wa saa tatu. Mimi nilisimama tu, nikiomba Mungu kimoyomoyo. Alasiri mtoto akakojolea koti langu jeupe. Maji yamemwingia mwilini! Sijawahi kufurahia mkojo namna ile! Jael alicheka huku machozi yakimtoka.

Jumatatu, 13 Mei
Foleni hadi barabarani! Wote wanataka kufundishwa kijiko. Jumamosi niliipelekea wilaya ripoti, kurasa sita: “Mbinu ya Protus”. Leo wamejibu kwa simu: daktari mkubwa anakuja Alhamisi kujionea. Siku hiyo nimempa Navalayo likizo. Mgeni asije akachanganyikiwa.