Waridi Ndani ya Tanuri

Jumatatu, 3 Machi

Mume wangu. Naandika tena: mume wangu. Mwezi mzima wa ndoa na bado neno hilo linanichekesha peke yangu kama mwehu.

Shida ni moja tu. Sote wawili tunafanya kazi kwenye maabara ya kutengeneza unga wa betri, lakini mimi nachanganya asubuhi, yeye anachunga tanuri jioni hadi alfajiri. Tunaonana getini. Mimi natoka, yeye anaingia. Ndoa ya getini! Mlinzi ameshatuzoea, siku hizi anageukia ukutani tukiagana.

Leo mkuu wa maabara katangaza kwamba meza itakayotoa unga bora itajichagulia zamu. Nikishinda nahamia jioni, kwa kipenzi changu. Kikwazo ni wifi, dada yake mume wangu, meza ya pili. Mkono mwepesi, ulimi mwepesi zaidi. Tena tunaishi naye, maana nyumba yake inaezekwa upya. Kaniambia nisijisumbue, mapenzi hayachaji betri.

Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Unga wetu mweusi haupendezi kwa macho, lakini ukiujua utaupenda. Umejengwa kwa tabaka. Nikeli, manganizi na kobalti zimeshikana na oksijeni, zikawa kama mashuka yaliyotandikwa moja juu ya jingine. Lithiamu inalala katikati ya mashuka. Betri ikichajiwa, lithiamu inaondoka kwenda upande wa pili. Betri ikitumika, inarudi na kulala palepale. Sasa hiyo si ndoa yangu?

Nimepima kila kitu sawasawa. Kisha, kabla ya kufunika bakuli la kaure, nikalaza ua waridi juu ya unga. Mume wangu hufungua kila bakuli na kuchungulia kabla ya kuliingiza tanurini. Alione, anikumbuke, alitoe, aliweke mfukoni. Mpango mtamu ajabu.

Getini sikumwambia kitu. Nilitabasamu kimafumbo. Akaniuliza kama jino linaniuma.

Jumatano, 5 Machi

Hakufungua. Eti aliona bakuli ni langu, akasema hili la mke wangu sina haja ya kulikagua. Nimelia kwa furaha. Kisha nikalia kwa sababu nyingine.

Waridi limeungua lote. Unga wetu unataka oksijeni tele ndani ya tanuri, na ua langu liliila ile iliyokuwa karibu. Tukaupeleka unga kwenye mashine ya eksirei. Mkuu akatazama, akavua miwani, akanieleza polepole. Nikeli ikipungukiwa oksijeni hubaki na ukubwa unaokaribiana na wa lithiamu, basi huteleza na kukaa kwenye nafasi yake. Ikishakaa haiondoki. Lithiamu ikirudi inakuta kitanda kina mtu.

Wifi kachukua majivu kwa kijiko, kayanusa, kauliza ni manukato gani.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Kila mara tunazidisha lithiamu kidogo, kwa kuwa nyingine hupotea kwa joto. Nikajiuliza: kama kidogo ni kizuri, kwa nini niwe mchoyo? Jana nikamimina kwa moyo mkunjufu. Wifi akasema wifi, hiyo si chumvi ya kuonja. Nikajifanya sisikii.

Leo nimechanganya unga huo na gundi ili niupake kwenye karatasi ya alumini. Ukaganda kama jeli. Mwiko ukasimama wenyewe katikati ya chombo. Lithiamu iliyokosa nafasi ndani imebaki nje na kuharibu gundi. Unga uliobaki bakulini nikauosha kwa maji, nikauanika dirishani kama nguo za mtoto. Mkuu akapita, akatazama, akaendelea na safari yake. Nadhani amependezwa.

Jioni getini nikamnong'oneza mume wangu apunguze oksijeni kidogo tu bakuli la dada yake likiingia. Akasema ananipenda kuliko usingizi, lakini mtu hakabi pumzi ya dada yake. Nikampenda zaidi, jambo lililonivurugia hasira kabisa.

Jumapili, 9 Machi

Siku yetu ya pekee ya kuwa nyumbani pamoja. Nimevaa gauni la maua. Tukakaa kwenye kochi, mume wangu kushoto, mimi kulia. Wifi akaja na bakuli la bisi, akajibwaga katikati. Akanyoosha miguu.

Hapo ndipo nilipoielewa eksirei yote.

Nikamwambia wifi, wewe ni nikeli. Akauliza kama hilo ni tusi. Nikasema ni sayansi. Mume wangu akakohoa, akaenda kutazama kama bomba limefungwa. Nikamweleza wifi kitanda, nafasi, kurudi nyumbani na kukuta njia imezibwa, na jinsi mwezi mzima mimi na kaka yake tunapendana getini tu, mlinzi akigeukia ukutani. Wifi akamaliza bisi zilizobaki bakulini. Kisha akahamia kwenye kigoda.

Jumatatu, 10 Machi

Wifi kashinda. Unga wake umechajiwa na kutumika mara nyingi na bado una nguvu. Betri ya unga wangu iliwasha taa ndogo kama mtu anayekonyeza, ikalala.

Mkuu akamwuliza anataka zamu gani. Nikainamisha kichwa. Wifi akasema anataka ya jioni, abadilishane na kaka yake. Mkuu akashangaa. Wifi akasema mbele ya watu wote kwamba amechoka kuwa nikeli, na kwamba jioni kuna utulivu, hakuna mtu wa kuhema karibu na mizani.

Nikamkumbatia mpaka miwani yake ya kazini ikaanguka. Akasema niache, atabadili mawazo.

Jumanne, 11 Machi

Mume wangu amesimama meza ya pili! Nikiinua macho namwona. Kwa hiyo nimemwaga nikeli mara tatu. Si neno.

Nimetafakari sana mambo haya na nimefikia uamuzi: yote yameletwa na waridi. Bila waridi nisingeijua nikeli, bila nikeli wifi asingehama. Ua limefanya kazi, lilichelewa tu kueleweka.

Jioni tukampisha wifi getini. Nikamwapia kwamba nimebadilika, nafuata vipimo sasa. Akanitazama sana, akasema vizuri, basi bakuli langu hatalifungua, ataniamini kama alivyoniamini kaka yake.

Sasa tuko kwenye kochi, mume wangu ameniegemea, nafasi yote ni yetu. Ninafikiria uso wa wifi atakapoinua kile kifuniko. Nimemwekea juu ya unga mawaridi mawili, ya shukrani.