Dumu la Oili Kabatini

Sosthenes Kalinga,
Kihesa, Iringa.

Kwa Ndugu Lugano,
Fundi Magari na Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi,
Mbeya.

YAH: KUPINGA PIKAPU YANGU KUONDOLEWA KWENYE MSAFARA WA BIBI HARUSI

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu,

Kamwene. Nimekusalimia kwa Kihehe kwa makusudi. Ile "ndaga fijo" ya kwenu Wanyakyusa, yaani asante sana, nimeiweka pembeni mpaka nione kama unaistahili.

Nimepata uamuzi wa kamati yako kwamba Jumamosi binti yangu Faustina hatapanda pikapu yangu kutoka hapa Kihesa hadi kanisani Mbeya, eti kwa sababu sijamwaga oili kwa miaka mitatu. Mmemtafutia gari la kukodi lenye maua ya plastiki. Shemeji, mtoto huyu nilimtoa hospitali akiwa na siku mbili kwa pikapu hiyohiyo. Nilimpeleka shule ya bweni kwa pikapu hiyohiyo, godoro na sanduku nyuma, analia njia nzima. Nataka nimfikishe na huko aendako, na nimeumia sana. Kwa hiyo nakata rufaa, kwa hoja zifuatazo:

1. Muda wa kumwaga oili haujafika. Kikadi ulichokifunga wewe mwenyewe kwa waya pale kwenye injini kinasema nibadilishe baada ya kilomita elfu tano. Mita iligoma wiki ya pili, ikiwa imehesabu mia tatu na arobaini. Tangu hapo nimekwenda Rujewa kufuata mchele sijui mara ngapi, nimekwenda Mgololo kwenye misiba miwili, na mita inasema sijatoka nyumbani. Mimi ni mzee wa kanisa, Mwenyekiti. Siwezi kubishana na kipimo.

2. Oili yenyewe ni nzima. Nilichomoa kijiti cha kupimia mbele ya katibu wako, Joyness, kikatoka na oili ya rangi ya asali. Miaka mitatu! Joyness akasema haiwezekani. Nikamwambia inawezekana, kwa dereva asiyekanyaga mafuta ovyo. Hilo hakuliandika kwenye muhtasari.

3. Mnanilaumu kwamba oili mpya ninayo na nimeifungia. Ni kweli ninayo. Ni lile dumu la lita tano ulilonipa wewe, ukaniagiza nisiliache juani, nisiliweke penye unyevu, na nisilifungue kabla ya wakati wake. Nimekutii kuliko ulivyotarajia. Liko kwenye kabati la sebuleni, kati ya glasi za wageni na picha ya kipaimara ya Faustina, limefunikwa kitambaa alichofuma mke wangu, dada yako Tumpe. Kila Jumamosi nalifuta vumbi kwa mkono wangu. Nani mwingine Iringa nzima anatunza oili namna hiyo? Halafu mnataka nilitoe hapo nilimimine kwenye injini! Vitu vizuri ni vya wageni, shemeji. Injini ni mtu wa nyumbani.

4. Tena oili hiyo imezidi kuwa nzuri kwa kukaa. Mwanzoni ilikuwa nzito, ukilitikisa dumu inajivuta kwa uvivu. Siku hizi nikilitikisa inachezacheza yenyewe, nyepesi kabisa. Imeiva. Hiyo siyo oili ya kumwaga, ni ya kuonyesha watu.

5. Gari hilo linajitibu. Nimechunguza jambo hili kwa makini. Kila nikisafiri kwa basi kwenda semina ya wazee wa kanisa, naliacha likinguruma vibaya. Nikirudi baada ya siku tatu, linawaka bila kelele. Kumbe injini inataka kupumzika tu, ninyi mafundi mnaisumbua ili mpate kazi.

6. Pikapu hiyo haimkubali mtu mwingine. Gia ya pili inabembelezwa. Tumpe mwenyewe, miaka yote hii, hajawahi kugusa usukani wake, na sidhani kama anajua breki iko upande gani. Kwa hiyo mkinitoa mimi, mmelitoa gari.

Kutokana na hayo naiomba kamati ifute uamuzi wake, impe Joyness onyo, na izuie kwenye msafara gari lolote lililomwagwa oili mwezi huu, maana oili hiyo bado ni ngeni na hatujui tabia yake. Naomba pia dumu langu liwekwe meza kuu siku ya harusi, na lisimame wakati wa utambulisho.

Wasalimie wote hapo Mbeya, na wakwe zetu watarajiwa, na Joyness pia, akikubali makosa.

Ni mimi shemeji yako mwenye uchungu,

Sosthenes Kalinga.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimelitoa dumu kabatini nilipige picha iwe kielelezo. Kitambaa kikaanguka. Ule mkanda wa plastiki wa kifuniko ulikuwa umekatwa. Nikamimina kidogo kiganjani. Maji, shemeji. Nimekuwa nikiyafuta vumbi maji ya bomba.

Tumpe hakukana. Kila nilipokwenda semina, alichukua funguo, akaendesha mwenyewe hadi kwa fundi Anyitike, oili ikamwagwa. Mara ya kwanza alitumia ya dumu lako, akajaza maji ili nisishtukie uzito. Baada ya hapo akawa ananunua. Kwa kuwa mita imekufa, anahesabu miezi, na tarehe zote ziko nyuma ya kalenda ya usharika. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Baba Faustina, ningekwambia ungeanza hotuba ya kabati. Mimi nilitaka gari litembee."

Kwa hiyo hoja zangu zote sita nazifuta, ila pikapu irudi kwenye msafara, maana kumbe ni nzima. Dereva mwandikeni Mama Faustina. Mimi nitakaa katikati, nimebanwa na gauni. Sikuwa nimefikiria kwamba kama ningeshika usukani kutoka hapa mpaka Mbeya, nisingeweza kumshika mwanangu mkono.

Ndaga fijo.