Sensa Zangu Zimelala

Jumatatu, 7 Julai 2025
Leo nimevaa koti. Injinia Hilary kaja kutoka Njombe mjini na habari nzito: mwisho wa mwezi, mmoja wetu atasimamia vituo vyote vya mradi. Ama mimi, ama Feliciana wa Makambako. Feliciana! Mtu anayeandika hata salamu kwenye daftari.

Kazi ni moja. Sensa zinapima baridi kwenye vitalu vya parachichi. Sakitu, ile baridi inayogandisha umande na kuunguza majani, ikikaribia, zinatuma ujumbe kwenye simu, wenye miche wanachoma maranda ili moshi uifunike. Shangazi Emerensiana, ninayekaa kwake, ana miche elfu mbili. Asipopanda shamba la marehemu mumewe mwaka huu, mashemeji wanalichukua. Mwanzoni alidhani sensa ni ya kuhesabu watu, akamtaja na marehemu.

Jumatano, 9 Julai
Ukungu siku ya tatu. Sola hazichaji. Betri asilimia hamsini na nne! Feliciana kapiga simu makusudi kusema ana sitini.

Nimewaza mpaka ugali ukapoa. Sensa huamka kila dakika kumi, hupima, hutuma, hulala tena. Sasa usiku ziamke za nini? Nani yuko shambani? Nimezipanga zilale saa kumi na mbili jioni, ziamke saa mbili asubuhi. Akili hiyo!

Ijumaa, 11 Julai
Jua limetoka. Themanini na mbili! Feliciana arobaini na moja. Nimemtumia picha. Akauliza kama najua sakitu hushuka alfajiri. Wivu mtupu.

Watu wake simu zinawalilia usiku kucha. Wangu wanakoroma. Shangazi ameacha kuamka alfajiri kupapasa majani kama yameganda. Anasema siku hizi nalinda mimi, Marcelino wake.

Jumapili, 13 Julai
Mungu wangu.

Shangazi alipita kitaluni kabla ya misa. Nilimsikia akiita jina la mumewe. Miche yote imekuwa myeusi, imelegea kama mboga iliyochemshwa. Yote! Saa mbili kamili sensa zikaamka, zikatuma ujumbe kwamba hali ni shwari.

Makambako walichoma maranda tangu saa kumi alfajiri. Hawajapoteza hata mche mmoja.

Shangazi hakunigombeza. Aliuliza tu kama simu yangu ilizimika. Nikamjibu ni mtandao. Nimeona aibu, sikwenda misa.

Jumanne, 15 Julai
Injinia kabeba vifaa vyote. Feliciana kapewa vituo. Betri zangu asilimia tisini na sita, na hakuna hata mmoja aliyelitaja hilo! Mashemeji wamekuja na kamba ya kupimia shamba. Shangazi kakaa jikoni, hajawasha moto tangu asubuhi. Roho imeniuma, kweli imeniuma.

Lakini kosa nimeshaliona. Nilizilaza saa zisizofaa, basi. Kule Kifanya wanatafuta mtu wa kuangalia sensa za moto kwenye mashamba ya miti ya paina. Barua nimeshapeleka. Kule nitazilaza mchana. Mchana moshi si kila mwenye macho anauona? Na jua litajaza betri mpaka mia!

Shangazi ana ekari moja ya paina kulekule, ndiyo aliyobaki nayo. Nimemwambia amwachishe kazi mlinzi wake.