Seva Mbili, Vifaranga Mia Sita

Jumatatu, 12 Mei 2025
Seva imezimika tena! Saa nzima haikuingia oda hata moja ya vifaranga. Mama Stellamaris, mwenye kampuni, ametuita ofisini kwake Maili Moja, mimi na mwenzangu Firdausi. Anataka programu ya kuziunganisha seva zetu mbili, ya hapa Kibaha na ya tawi la Kisarawe, ili moja ikizimika nyingine ishike kazi bila mteja kujua. Kila mmoja wetu achague yake, tuzijaribu, Ijumaa aamue. Mwenye chaguo bora atakuwa mkuu wa mifumo.

Mkuu wa mifumo! Mimi nina miaka sita hapa. Firdausi ana miezi minane. Nimeshajaribu saini mpya. Inapendeza.

Jumanne, 13 Mei
Firdausi kachagua programu ya bure. Bure! Tena anadai kompyuta ya tatu, ndogo, iwe mwamuzi: seva mbili zikipotezana, mwamuzi aseme ipi iendelee na ipi ikae pembeni. Nimecheka mpaka chai ikanipalia. Seva ni mashine, si wanandoa.

Yangu imeletwa na Laurean, muuzaji mwenye tai. Haihitaji mwamuzi. Nilimuuliza inafanyaje kazi, akanipa kofia. Imenikaa vizuri mno. Nimechagua.

Jumatano, 14 Mei
Siku ya Firdausi kujaribu yake. Nimemwambia mama naumwa jino, nikapanda bodaboda hadi Kisarawe. Mpango: wakati mama anatazama kioo cha kompyuta kule Maili Moja, mimi huku nachomoa waya wa umeme wa seva. Mfumo unaanguka. Firdausi analia. Mimi namfariji. Dotto, mlinzi wa tawi, nilimwambia nakagua vumbi.

Saa nne kamili nikachomoa. Nikasubiri kilio.

Simu ikaita. Vigelegele! Seva ya Kibaha ilishika kazi ndani ya sekunde saba, hakuna oda iliyopotea. Firdausi mwenyewe alikuwa hewani: "Kaka Halidi, Dotto katuambia ni wewe uliyechomoa. Asante sana! Nilikuwa sijui nimpate wapi mtu wa kuizima ghafla."

Mama naye akauliza jino linaendeleaje.

Linaendelea vizuri.

Alhamisi, 15 Mei
Zamu yangu. Kofia kichwani. Nusu saa tu, programu imekaa. Mama kaona taa za kijani, katabasamu. Saa nane mchana mtandao kati ya Kibaha na Kisarawe ukakatika dakika ishirini, kisha ukarudi. Taa kijani muda wote! Pande zote mbili! Nikamwita Firdausi aje ajifunze. Akauliza kwa nini kila seva inajiita kiongozi. Nikamjibu: uongozi shirikishi.

Ijumaa, 16 Mei
Nimeelewa swali la Firdausi. Mtandao ulipokatika, kila seva iliamini mwenzake amekufa, ikarithi oda zote. Bi Biubwa wa Misugusugu aliagiza vifaranga mia tatu. Asubuhi gari la Kibaha likampelekea mia tatu. Halafu la Kisarawe likampelekea mia tatu.

Mama kanituma kwa Bi Biubwa nikatengeneze mambo. Vifaranga sebuleni, jikoni, chini ya kitanda, kimoja ndani ya kiatu cha mumewe. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi niliagiza kuku. Haya ni mafuriko."

Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikashindwa kujizuia. Majirani waliposikia kelele wakaja kuchungulia, wakaanza kuomba: huyu hamsini, yule mia. Kufikia adhuhuri vifaranga mia tatu vya ziada vyote vilishapata wenyewe, na mimi nina kinyesi cha kifaranga begani. Sijacheka hivyo tangu harusi ya dada yangu.

Jioni mama katangaza: Firdausi ndiye mkuu wa mifumo. Nimempa mkono. Ameniomba niwe naibu wake! Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa, baada ya kumwacha asubiri sekunde tatu.

Jumamosi, 17 Mei
Nimetafakari makosa ya wiki hii. Yote ni ya Laurean.

Mama sasa anataka jenereta kwa ajili ya tawi la Kisarawe. Aliuliza nani atachagua. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza sentensi. Firdausi anashauri tupime kwanza mashine zetu zinakula umeme kiasi gani. Kupima! Nimeliona moja dukani, jekundu, linang'aa, lina magurudumu. Nimeshamhakikishia mama kwamba hilo ndilo.

Sijauliza kama linawaka.