Karakana ya Mabati na Kiti cha Mkurugenzi

Jumatatu, 3 Agosti
Hatimaye! Mke wangu amenikabidhi mradi. Ameuza kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake, na pesa yote inaingia kwenye karakana ya ushonaji: jengo la chuma na mabati, kando ya barabara, hatua mia mbili kutoka baharini. Cherehani saba. Yeye na wanawake sita wanaoshona naye sare za shule. Kaka yake, fundi wa kuchomelea, alitaka kusimamia yeye. Nikamwambia shemeji, hili ni jengo, si geti. Mke wangu akasema basi, nisimamie mimi, ila nimfuate mhandisi. Nitamfuata. Kwa mbali.

Jumatano, 5 Agosti
Mhandisi amekuja. Dada mpole, viatu vya matope, sauti ya chini. Aliuliza vimbunga vya hapa hupiga kutoka upande gani. Nikasema juu. Hakucheka. Ameacha makadirio ya kurasa tatu. Kila nguzo ishikwe chini kwa bolti nne zilizozama kwenye zege. Vyuma vya mshazari kati ya nguzo. Mabati yenye zinki nzito kwa sababu ya chumvi ya bahari. Mlango mdogo, mzito, wenye nondo za kuukaza. Alirudia hili la mlango mara mbili: upepo ukishaingia ndani, paa halina wa kulishika. Mwisho, asilimia kumi ya dharura. Nikauliza dharura gani. Akasema angeijua, angeipa mstari wake.

Kurasa tatu, na msimamizi hana hata pa kukaa!

Ijumaa, 14 Agosti
Siku nzima mezani na makadirio. Huyu dada anauogopa upepo kupita kiasi. Bolti nne kila nguzo? Meza yangu ina miguu minne, haina bolti hata moja, na haijawahi kuruka. Mbili zinatosha. Vyuma vya mshazari: ukuta ukifungwa havionekani. Vya nini sasa? Mlango mdogo hauna hadhi. Nimechagua mpana, mwepesi, wa buluu. Lori linapita. Na ile dharura iliyokaa bure nimeipa kazi: ofisi ya vioo, zulia, kiti cha ngozi kinachozunguka. Nimechapa makadirio upya, safi kabisa. Ukurasa wa mwisho, wenye sahihi ya mhandisi, nimeuacha ulivyo. Kwa nini nimsumbue tena?

Jumamosi, 29 Agosti
Nguzo zimesimama. Shemeji akapita, eti yuko njiani tu. Akahesabu bolti kwa kidole. Akauliza mbona mbili mbili. Nikasema ni mfumo wa kisasa. Akashika nguzo, akaisukuma. Ikacheza kidogo. Nikamweleza kwamba chuma lazima kipumue. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa mbishi. Kisha akasema ana vipande vya chuma vimelala tu karakanani kwake, atakuja kuchomelea mishazari bure. Bure! Nikakataa. Bure ya shemeji ni ghali. Angeisimulia kwa ukoo mzima mpaka siku ya kunizika.

Jumanne, 8 Septemba
Tumefungua! Mke wangu aliingia peke yake kwanza. Akaweka kiganja ukutani, akasema laiti baba angeona. Machozi yakamtoka. Nusura nimwambie habari ya bolti. Mdomo ulishafunguka kabisa. Kisha nikaenda kukaa kwenye kiti. Kinazunguka kweli!

Alhamisi, 17 Septemba
Redio imetangaza kimbunga. Kitafika Jumamosi asubuhi. Mhandisi alipiga simu kuuliza kama nondo za mlango zipo. Nikasema zipo. Sijui kwa nini. Mdomo ulitangulia.

Mke wangu anataka cherehani zihamishiwe nyumbani kwa kaka yake, nyumba ya matofali. Nikapinga. Tukihamisha, mtaa mzima utasema hatuliamini jengo letu wenyewe. Akauliza:

"Nikuamini?"

"Niamini."

Zimebaki.

Jumamosi, 19 Septemba
Saa tatu asubuhi mke wangu na wenzake wawili walikuwa ndani wakifunika cherehani kwa nailoni. Mimi ofisini. Mlango ukaanza kuvimba kuja ndani kama shavu la mpuliza tarumbeta. Ukakatika mara moja. Upepo ukajaa, ukatafuta pa kutokea, ukapata juu. Mabati yakang'oka moja baada ya jingine, kama vifungo vya shati. Kelele ile sitaisahau.

Shemeji alikuja akitambaa, kamba kiunoni. Akawatoa wale wawili. Akamrudia dada yake, ambaye alikuwa ameikumbatia cherehani na hataki kuiachia. Bati likapita. Likamchana mkono wa kulia, ule wa kukatia vitambaa. Mimi nilitolewa mwisho, chini ya meza, kwa ukosi wa shati. Tukiwa barabarani nguzo za mbele zikalala chini polepole, kama watu waliochoka.

Jumapili, 20 Septemba
Hospitali. Kano mbili zimekatika. Daktari anasema huenda atashika mkasi tena, huenda asishike.

Mhandisi akafika na nakala yake ya makadirio. Hakupaza sauti. Akaiweka kitandani kando ya ile niliyoichapa mimi, ambayo mke wangu alikuwa nayo mkobani. Mke wangu akazisoma zote mbili, mstari kwa mstari, akifunua kurasa kwa mkono wa kushoto. Nikaangalia dirisha. Halikuwa na cha kuangalia.

Alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Kiti kilikuwa bei gani?"

Nikamwambia. Akafumba macho. Akasema akitoka hapa anaenda kwa kaka yake.

Jumapili, 27 Septemba
Nyumba imepoa. Nimekwenda kwa shemeji. Cherehani moja tu kati ya saba ndiyo iliyopona, na wale wanawake sita wanaipokezana. Mke wangu alikuwa kibarazani akijifunza kushika mkasi kwa kushoto. Kitambaa kilikuwa kinakwenda upande. Nikasema pole. Akasema ahsante, kama anavyomjibu mpita njia. Shemeji akaniletea chai. Hakunicheka hata mara moja. Afadhali angecheka.

Jumatatu, 12 Oktoba
Mambo yananyooka! Kimbunga kimebomoa nusu ya mtaa, na kila mtu sasa anataka jengo la chuma. Nani mwenye uzoefu? Nimechonga muhuri: MSHAURI WA MAJENGO YA PWANI. Leo nimepata mteja wa kwanza, mama mjane mwenye mashine ya kusaga nafaka. Kaja na makadirio ya mhandisi, kurasa nne, sura imemshuka. Akauliza kama yote haya ni ya lazima.

Nikampa kiti. Nikamweleza nilichokigundua baada ya kutafakari sana: jengo letu lilielekea mashariki. Ndilo kosa pekee. Yeye alielekeze lake magharibi, na huu msingi wa mita nzima aupunguze uwe nusu. Nani ataiona nusu ya chini?

Uso wake ukachangamka. Akasema ameshazunguka kwa watu wengi, lakini mimi ndiye wa kwanza kumpa moyo. Wanamwaga zege Alhamisi.