Ordinatere ya Directeur Prudent

Prudent alipoona tangazo kwenye ukuta wa soko, kwamba wanatafutwa vijana kumi na wawili wanaojua ordinatere, yaani kompyuta, hakusoma kazi. Alisoma njaa. Bunia nzima ilikuwa na diplome, lakini vidole vilivyowahi kugusa mashine ungevihesabu umefumba macho. Ni mambo ya kale: tangu Wazungu wa dhahabu, mtu wa Ituri anadaiwa karatasi ya ujuzi ambao hakuna aliyejisumbua kumfundisha.

Jumatatu Prudent akawa Directeur wa shule ya ordinatere. Alikodi chumba mtaa wa Lumumba, akaokota klavye saba, vibao vya herufi vya mashine zilizokufa, akafunga kravati. Umeme? "Umeme unaharibishaka mwanafunzi," alisema kwa uchungu wa mzazi. Wanafunzi kumi na wawili walilipa mbuzi, maharagwe na godoro moja. Vyote vikageuka pikipiki nyekundu, aliyoipenda kuliko wokovu wake.

Siku ya kutoa brevet, vyeti vya kumaliza, akaingia mama mwenye miwani.

"Miye Madame Geneviève. Lile tangazo ni langu. Watu wako nitawakamata wote kwa kazi. Na weye, Directeur, utakuwa chef wao."

Vigelegele.

"Chef anapewa ordinatere yake, mupya. Ila iko ya bei kali. Mupaka mwisho wa mwezi utaniachia kitu cha maana, caution, kama rehani. Ile pikipiki iko ya nani?"

Prudent akaitupia jicho pikipiki yake pale nje. Lakini wanafunzi kumi na wawili walikuwa wanamtazama.

"Niangalie mashine kwanza," alisema, maana yeye si mtu wa kudanganywa.

Madame akaitoa mkobani, akaifungua mezani. Kioo cheusi kama tako la chungu. Prudent alitafuta kwa macho mahali pa kuwashia. Hakujua ni juu ama chini. Aulize? Directeur mzima aulize? Akabonyeza herufi tatu, akainamisha sikio kama daktari.

"Unaonaje?"

"Iko bien. Inapumua muzuri."

"Kweli uko mujuzi! Basi saini hapa: umepokea, iko nzima."

Alisaini kwa mbwembwe, akamkabidhi ufunguo. Miwani na pikipiki vikakata kona pamoja.

Plamedie, binti aliyelipa kwa mbuzi wa mama yake, akainua mashine apime uzito. Mchanga ukaanza kumwagika katikati ya herufi, taratibu, juu ya brevet.

"Directeur," akasema, "washa basi, na siye tuone."

Wenzake walikwisha kuziba mlango. Prudent akanyoosha kravati, akakohoa.

"Leo," akasema, "tunaanza na somo la kuzima."