Pedali Yangu Inavuma

Jumatatu, 5 Agosti

Mbingu ya kijivu tangu Juni. Hakuna mvua, hakuna jua. Kiangazi cha Brazzaville ni kama chumba ambacho mtu kafunga mapazia akaondoka na ufunguo.

Jumamosi tunaondoa matanga ya Bouesso. Mwaka umetimia. Mjane wake, Ma Firmine, atavua nguo nyeusi, orkesta yetu itapiga, na kiti cha marehemu, kiti cha gitaa la kati, kitapata mwenyewe. Mzee Ndinga, kiongozi wetu, ametangaza hivyo: atakayepiga vizuri siku hiyo ndiye atakayekaa. Tuko wawili. Mimi, niliyepiga gitaa la nyuma, la kumsindikiza Bouesso, tangu tukiwa vijana. Na Parfait Loufoua, muuza dawa, aliyejiunga juzi tu, mwenye meno mengi na pedali ya dukani, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gitaa.

Pedali ya dukani! Viwanda vya mbali vimetufundisha kwamba mkono wetu kazi yake ni kutoa hela mfukoni, basi. Mimi nimetengeneza yangu. Korasi halisi: unaingiza gitaa moja, yanatoka mawili, la pili likimfuata mwenzake nyuma kidogo, likiyumba. Chipu nimezing'oa kwenye mashine ya karaoke iliyokufa. Inafanya kazi. Ila inavuma.

Leo mazoezini nimeiwasha kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Mzee Ndinga akauliza nani kaleta friji. Parfait akataka kujua, kwa heshima zote, Ya Anselme, kama hiyo inapiga muziki au inachemsha maji. Ananiita Ya, kaka mkubwa, kwa sauti ya mtu anayekuvusha barabara. Wote wakacheka. Mpiga ngoma ndiye aliyecheka zaidi, na mimi ndiye niliyemwombea kazi.

Jumanne, 6 Agosti

Nimempata mkosaji. Umeme! Unakuja na mvumo wake ndani, unaondoka unapotaka, na ankara haikosi. Nimeanza kuandika makala kali ya gazeti. Umeme ukakatika nikiwa kwenye sentensi ya pili.

Dawa ni betri. Nimezichukua kwenye redio ya Clémence, mke wangu, nikaziunganisha kwa msururu. Mvumo mzito ukafa palepale. Ushindi. Nikajipongeza kwa bia.

Halafu nikasikia kilichokuwa kimejificha chini yake. Mluzi mwembamba, juu kabisa, kama mbu aliyepelekwa shule. Huu hautoki ukutani. Unatoka tumboni mwa pedali yenyewe, kwenye ile chipu inayohesabu mapigo.

Jumatano, 7 Agosti

Redio ya Clémence ina kazi moja: kusoma taarifa za vifo asubuhi. Leo haikusoma. Binamu yake wa Makélékélé amefiwa na mume, taarifa imetangazwa, ukoo wote umekusanyika huko isipokuwa yeye. Shangazi zake wameshaanza kusema ana kiburi. Aliniwekea redio mapajani. Akasema, "Baba Destin, sasa hata wafu wetu umewazima."

Nilimweleza kwamba betri zitarudi Jumapili. Haikusaidia.

Nimehamia kwenye sanduku. Kila mtu anajua hili: waya zinazopiga mluzi huzifungia ndani ya bati, bati ukaliunga na waya wa ardhini, mluzi ukanaswa humo. Nina kopo zuri la biskuti. Lakini mimi ni mtu wa Bacongo, mtaa wa watanashati. Nimevaa vizuri tangu ujana na sijaanza leo kuwa mtu wa hovyo. Koti hupimwa kwa bitana yake. Anayependeza nje tu ni tapeli. Basi nimepaka rangi: kijani kibichi nje, zambarau ndani, mara mbili, mpaka kwenye mdomo wa kifuniko. Vitufe ni rangi ya maziwa. Rangi tatu. Ya nne ni ushamba.

Alhamisi, 8 Agosti

Rangi imekauka. Inang'aa. Nimeubana waya wa ardhini kwa skrubu juu ya zambarau, nikafunga, nikawasha.

Mbu yuleyule. Sasa ana mwangwi.

Nikigusa nyuzi za gitaa anapungua. Nikiachia anarudi.

Mchana Parfait akaja kumpa Clémence pole ya msiba. Ameleta maboke ya samaki, bado ya moto kwenye majani. Akaomba kuona kopo. Akalifungua, akacheka taratibu, akaeleza kwamba rangi inazuia umeme kupita. Waya umekaa juu ya rangi, haujagusa bati, kwa hiyo kopo ni pambo tu. "Kwangua kidogo hapa na kwenye kifuniko, Ya Anselme," akasema. "Ndani nani ataona?"

Ndani nani ataona! Mtu anayesema hivyo soksi zake zimetoboka. Na nimemgundua: anataka niharibu kazi yangu siku mbili kabla ya siku yenyewe. Sikwangui. Clémence akasema ningejaribu tu. Ameshanunuliwa kwa samaki. Maboke yalikuwa matamu, jambo lililonikera zaidi.

Jioni nimepiga peke yangu. Chini ya mluzi, magitaa mawili. La pili lilichelewa kidogo, kama Bouesso alivyokuwa akichelewa makusudi ili nimtafute. Nilisikiliza mpaka nikashindwa. Nikazima.

Ijumaa, 9 Agosti

Akili ni mali. Kama siwezi kuutoa mluzi kwangu, nitaupeleka kwake.

Nimempendekezea Mzee Ndinga kwamba, kwa ajili ya umoja, pedali zote zilishwe na transfoma moja. Nilisema maneno mazuri kuhusu sahani moja na mikono mingi. Mzee anapenda umoja kuliko kusikiliza. Akakubali. Mluzi ukasafiri kwenye waya, ukaingia kwa Parfait, ukatokea kwenye spika yake. Mbu wawili! Niliinama kufunga kamba za viatu ili nisionekane nikicheka. Viatu vyangu havina kamba.

Mzee Ndinga akaziba masikio, kisha akatoa hukumu: kesho hakuna pedali. Ya mtu yeyote.

Parfait akasema sawa. Sawa tu. Akapiga kavu, vidole na nyuzi tu. Nilitafuta kosa. Nimetafuta mpaka usiku huu.

Jumamosi, 10 Agosti

Ua wa Bouesso ulijaa. Viti vya kukodi, vyungu vya saka-saka, kisamvu chetu, spika kubwa kuliko milango. Parfait alipiga awamu ya kwanza. Watu walicheza. Watu siku hizi hucheza chochote.

Zamu yangu. Sikubali kunyamazishwa na mtu anayeniogopa. Pedali niliificha chini ya kiti, nikaifunika kwa koti langu, bitana juu. Mtaani kwetu koti lililolazwa hivyo haliulizwi swali.

Kabla sijapiga hata noti moja, Ma Firmine akatokea mlangoni na nguo nyeusi kwa mara ya mwisho, dada zake nyuma yake wamebeba kitenge kipya. Mzee Ndinga akainua mkono. Ua ukanyamaza. Hata watoto. Hata wale walevi wa uzio wa nyuma.

Na katika ukimya ule, kwenye spika zote, mbu.

Vichwa vikageuka kimoja kimoja. Nikatafuta swichi kwa mguu, nikaikanyaga. Ikapiga mshindo mmoja mkavu, pa! Mashangazi wawili wakajitupa chini kifudifudi, na mzee mmoja akaingia uvunguni mwa meza. Tuliokuwa hapa wakati wa vita tunajua kwa nini. Hakuna aliyecheka.

Ma Firmine hakwenda kubadili nguo. Alikuja kwangu moja kwa moja. Akainua koti kwa vidole viwili.

"Anselme, hiki nini?"

Nikasema ni sauti ya Bouesso. Nilimtengenezea.

"Bouesso hakuwa na kitu hiki," akasema, polepole. "Alikuwa na wewe nyuma yake."

Akarudisha koti mahali pake, akalinyoosha mkunjo, akaingia ndani. Alipotoka na kitenge, alishika mkono wa Parfait akamkalisha kwenye kiti. Mzee Ndinga akanionyesha kiti changu cha zamani kwa kidevu tu.

Nilipiga gitaa la nyuma mpaka saka-saka ikaisha. Parfait alichelewa kidogo mahali fulani, nikamtafuta, nikampata. Ma Firmine alikuwa amefumba macho. Watu walisema orkesta haijasikika hivyo tangu msiba. Wakaenda kumpongeza Parfait.

Jumapili, 11 Agosti

Nimetafakari. Yale maneno Ma Firmine alipewa na Parfait. Mwanamke mwenye huzuni hawezi kutunga sentensi fupi namna ile. Na swichi imehujumiwa. Nitajua na nani.

Hata hivyo, kiti cha kati ni kiti kidogo. Nilikuwa naangalia chini. Anayeamua nani akae wapi ni kiongozi, na kiongozi hahitaji gitaa, anahitaji maikrofoni. Nimeshafungua simu mbili za zamani. Bati la kuitengenezea ninalo, na rangi imebaki.

Jana Mzee Ndinga alikohoa mara kadhaa kati ya nyimbo. Mchana nimempelekea asali, nikamwuliza kwa upole kama amefikiria mrithi. Akasema ni vumbi la kiangazi tu, litapita.

Bouesso naye alisema hivyo.